Fimbo Huvuka na Gari la Mwisho

Nikisikia mtu anasema daraja letu la Nyakabingo limetengenezwa na wakubwa, nacheka. Wakubwa walileta pesa na greda, sikatai. Lakini aliyefanya magari yapite kipindi kile chote barabara ilipokuwa imechimbuliwa ni Mama Laurensia, mwanamke mwembamba mwenye bendera mbili. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nakaanga maandazi, kwa hiyo asinibishie mtu.

Naitwa Mwanamisi. Baba yangu, Mzee Abdulghani, alikuja huku Karagwe kutoka Tanga na biashara ya kanga, akaoa, akafa, akazikwa huku huku. Mimi nikabaki na ulimi wa pwani katika nchi ya migomba. Nilikuwa na hoteli pale darajani, upande wa kwenda Omurushaka. Nasema hoteli, ila ni bati, mabenchi na birika kubwa la chai, basi. Madereva wote wa njia ya Rubwera walikula kwangu, na waliolalamika kwamba chai ni nyepesi niliwaambia wakachemshe ya kwao garini.

Daraja lenyewe halikuwa na shida. Shida ilikuwa matuta ya kupandia, huku na huku. Yalikuwa membamba na yamesimama wima, udongo mwekundu mtupu, mvua ikinyesha lori linapanda mbele linarudi nyuma. Magari mawili hayapishani. Yakikutana katikati, basi hapo matusi ya kila kabila unayasikia bure. Mwaka wa tisini na nne ndio mambo yakazidi. Malori ya wanunuzi wa kahawa, malori ya mahindi ya wakimbizi, mabasi, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, wote njia ile ile. Ndipo alipokuja mkandarasi kuyainua yale matuta na kuyapanua, gari lipishane na gari.

Sasa, barabara haifungiki. Ukiifunga, mgonjwa wa kwenda hospitali ya Nyakahanga unampitisha wapi, kwenye mafunjo? Kwa hiyo walichimba nusu, nusu ikabaki magari yapite. Wakimwaga kifusi na kushindilia upande wa kushoto, magari yanapita kulia. Ukikamilika wa kushoto, wanahamia kulia. Na kwa kuwa nusu hiyo inabeba gari moja kwa upana, magari yanakwenda kwa zamu, ya huku kwanza, kisha ya kule. Mama Laurensia alishika bendera upande wangu, na upande wa pili alikuwapo mzee mmoja anaitwa Telesfori. Hawaonani. Kuna kona na mafunjo marefu katikati.

Siku ya kwanza walipewa filimbi. Loo! Upepo ukapeleka filimbi Rwanda, huyu akaruhusu na yule akaruhusu, lori la kahawa likakutana na basi juu kabisa ya daraja, na kurudisha nyuma hakuna anayetaka. Tulilala na foleni ile. Asubuhi nyapara akaja na akili nyingine. Fimbo moja tu. Dereva wa gari la mwisho katika zamu anapewa fimbo, anavuka nayo, anamkabidhi mwenye bendera wa kule. Asiye na fimbo mkononi haruhusu hata kigari cha watoto cha kusukuma kwa mti. Fimbo ikifika, ujue nyuma yake hakuna kitu, ruhusu.

Akakata fimbo ya mkaratusi. Haikumaliza siku tatu, dereva mmoja akapitiliza nayo hadi kwao. Ya pili ikaliwa na mbuzi, magome yote. Ndipo Mama Laurensia akaja kazini na fimbo yake mwenyewe kutoka nyumbani, fimbo ya kuchungia ng'ombe, nyeusi, iliyochomwa madoa ya mviringo kutoka juu hadi chini.

Nilipoiona niliacha maandazi yaungue.

"We mwanamke, una kichaa? Hiyo si ya mumeo?"

"Ndiyo."

"Na unawapa madereva!"

"Bi Mwanamisi," akasema, sauti yake ndogo ile, "ikikaa ndani nyuma ya mlango nani ataiona?"

Nikarudi kwenye maandazi yangu yaliyoungua.

Niwaeleze mume huyo. Mama Laurensia na mumewe walikuwa watu wa asili ya Rwanda, wakulima na wachungaji, wakiishi Murongo mpakani. Vita vya mwaka wa sabini na nane vilipoanza, watu wa kule walikimbia na godoro kichwani. Hao wawili walitembea kwa miguu hadi hapa Nyakabingo, yeye tumbo liko puani. Wakakuta watu wengi wamepiga kambi kando ya daraja. Mume hakupata raha, kwa sababu mama yake mzazi, Bi Nyirabahire, alikataa kuhama, alisema hawaachii ng'ombe wake askari. Basi akamwambia mkewe: shika fimbo hii ujiegemeze, namfuata mama, wewe usisogee mbali na daraja hili, nitakukuta hapa. Akarudi Murongo. Hakuonekana tena.

Yule mama alizaa pale pale kambini, chini ya turubai. Mwenzake mmoja aliyekuwa na mimba kama yeye alifia uzazini usiku ule ule, wakamzika kule juu karibu na kigango. Yeye akapona, mtoto akapona, wa kike. Padri akambatiza Laurensia. Na tangu hapo mama akawa Mama Laurensia, kama wanavyoitwa wote waliozaa. Jina lake la kuzaliwa hata sikuwahi kuuliza, nani ana haja nalo? Vita vikaisha, watu wakarudi makwao, yeye akabaki. Akapewa kipande cha shamba juu ya bonde, akapanda migomba na kahawa kidogo. Waliomtaka kumuoa walikuwapo, tena wenye ng'ombe. Aliwatolea kahawa za kutafuna kama wageni wengine, wakatafuna, wakaondoka.

Ilipotangazwa kazi ya bendera, alikuwa wa kwanza kufika. Nyapara akamwuliza, mama, jua hili na vumbi hili utaweza? Akamjibu anaweza. Mimi nilijua anachotaka. Zamani magari yalipita mbio, uso wa mtu huuoni. Sasa kila gari linasimama mbele yake. Akiinua bendera nyekundu, hata lori la tani kumi linatulia, naye anapita dirisha kwa dirisha, anasalimia, anatazama. Mpaka waliokaa juu ya magunia anawatazama.

"Shikamoo baba. Huko utokako hujamwona Baba Laurensia? Mrefu, ana mwanya, mtu wa Murongo."

Hilo ndilo swali lake, kila foleni. Wengine walimcheka. Kuna kondakta mmoja alimwambia, mama, Baba Laurensia ni mimi hapa, nipe chakula. Nilimwagia maji ya kuoshea vikombe yule mshenzi, na chai kwangu hakunywa tena.

Na fimbo ikawa inavuka, inarudi, inavuka, inarudi, mikononi mwa watu asiowajua. Kila dereva wa mwisho akiirudisha, yeye huipokea kwa mikono miwili, anaipangusa kwa kanga, anatazama usoni mwa aliyeileta. Nilitamani ama huyo mume aje, ama afe ijulikane, ilimradi ule utazamaji ukome.

Alikuwapo dereva mmoja kijana, Abdulatifu, wa lori la mahindi, anakwenda hadi Lusahunga na mbele. Huyo alikuwa na heshima, na alimhurumia kweli. Siku moja alikaa kwenye benchi langu, akasema, "Mama, nimemuulizia Baba Laurensia kila ninaposimama. Biharamulo, Lusahunga, Geita. Nimepata Baba Laurensia wawili. Mmoja Msukuma, mwingine ana miaka ishirini."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na kijiko mkononi, nikabaki nacho. Kitu kilinigonga kichwani. Nikamgeukia mwenyewe.

"Mama Laurensia, mumeo aliondoka mtoto hajazaliwa?"

"Hajazaliwa."

"Jina alilichagua nani?"

"Padri. Ilikuwa siku ya mtakatifu gani sijui."

"Ala! Sasa huyo mume anajuaje kwamba yeye ni Baba Laurensia?"

Abdulatifu akaacha kutafuna.

"Miaka yote hii," nikasema, na nilikuwa nimekasirika, wallahi, nimekasirika mpaka nalia, "unaulizia mtu kwa jina asilolijua yeye wala yeyote aliyewahi kumfahamu! Hata ungesimama naye mlango kwa mlango angekuambia simjui! Yeye anaitwa nani?"

Akainamisha kichwa.

"Anaitwa nani, mwanamke? Sema!"

"Siwezi kulitamka."

"Huwezi, una jino?"

"Kwetu mke halitamki jina la mumewe," akasema. "Nimelelewa hivyo. Mama yangu alilitamka jina la baba siku moja tu, siku tulipomzika. Alisimama kaburini akamwita kwa jina lake, basi, tukajua amekwisha." Akavuta pumzi. "Nikilitamka mimi, nimemzika."

Kumbe ndivyo alivyokuwa ameshikwa. Asipolitaja hampati, na akilitaja amekubali kwamba amekufa. Nikamwambia, basi mnong'oneze Laurensia, aseme yeye. Akasema Laurensia halijui. Binti wa miaka kumi na mitano, halijui jina la baba yake! Ndugu wanaolijua? Wote walikuwa Murongo, waliokufa wamekufa, waliotawanyika wametawanyika. Jina la mtu mzima lilikuwa limebaki katika kinywa kimoja tu, na kinywa hicho kimefungwa.

Sikumsemesha siku kadhaa. Nilimpa chai yake bila kumtazama. Utoto, najua, lakini nilikuwa na hasira naye, na hasira na desturi yao, na hasira na huyo mume aliyefuata ng'ombe.

Kazi nayo ikawa inakaribia mwisho. Tuta la kushoto lilishakamilika, pana, limewekwa changarawe na mitaro ya maji pembeni. La kulia wakalishindilia. Watu walifurahi. Mimi nilianza kuona mabaya yake. Magari yakipishana, foleni hakuna. Foleni ikiisha, chai nani atakunywa? Na huyu mwenzangu atasimama wapi, amtazame nani? Nilipomuuliza alisema tu, "Yatapita."

Siku ya mwisho ya zamu, nyapara akatangaza kwamba kuanzia saa nane mchana njia zote mbili zinafunguliwa, bendera zikusanywe. Zamu ya mwisho ilitoka upande wa Telesfori. Malori matano, basi moja, na nyuma kabisa lori la Abdulatifu, limebeba fimbo. Akashuka mwenyewe kumkabidhi, kwa adabu yake.

"Shikamoo mama. Fimbo yako, kazi imekwisha."

"Marahaba." Aliipokea kwa mikono miwili, akaipangusa. Kisha, nikitazama kwa macho yangu haya, akamrudishia.

"Nenda nayo," akasema.

"Mama?"

"Nenda nayo huko mbele. Waoneshe watu. Uliza..." Nyuma magari yalianza kupiga honi, maana njia imefunguliwa na lori liko katikati. Yeye akasimama palepale katikati ya tuta jipya, akafumba macho, akapaza sauti ambayo sikujua anayo. "Uliza Nsabimana! Nsabimana wa Murongo, mwana wa Nyirabahire! Nsabimana!"

Honi zote zilinyamaza. Akaketi chini, kwenye changarawe mpya, akajifunika kanga usoni. Abdulatifu aliiweka fimbo mbele ya usukani, akaondoa lori polepole, analia bila kuficha.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Jirani yake, Placidia, alikuwa anapalilia pale juu ya bonde. Huyu ni mtu wa asili moja naye, mwenye desturi zile zile. Aliposikia mke analitaja kwa sauti jina la mtu wa Murongo, alijua ni la mumewe, na maana yake ni moja tu. Akatupa jembe, akapiga yowe. Yowe likapokewa mlima wa pili. Kabla jua halijatua, nyumba ya Mama Laurensia imejaa watu. Wanawake wameleta ndizi na maharage, wanaume wamewasha moto uani, mtu katandika majani sakafuni. Poleni, poleni na msiba. Ni lini? Habari imeletwa na nani?

Nilikimbia juu kule, pumzi hakuna, nikamvuta pembeni. "Waambie! Hakuna aliyefiwa hapa, waambie warudi makwao!"

Akaniangalia. Macho yalikuwa yamevimba lakini yametulia.

"Waache, Bi Mwanamisi. Nimemngoja peke yangu muda mrefu. Waache nami nikae na watu."

Basi nikakaa. Nikamenya ndizi na wengine. Laurensia akakaa karibu na mama yake, analilia baba ambaye jina lake kalisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Tukakaa kesho yake, na keshokutwa. Kutoka pale uani unaliona daraja lote. Magari yalikuwa yanapishana vizuri kabisa, mbio, la huku na la kule, hakuna anayesimama, hakuna anayemtusi mwenzake. Mama Laurensia alikuwa akitoka mara moja moja, anaegemea mgomba, anatazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukijikunja peke yake, umezoea bendera. Nikamwona, nikageuza uso, maana nilichoka kulia.

Siku watu walipoanza kufunga mizigo warudi makwao, lori lilisimama darajani. Juu ya tuta jipya kabisa, na nyuma yake honi zikaanza. Nikasema, huyu ni mpumbavu gani anaturudisha kwenye foleni? Nikatambua lile turubai la buluu. Abdulatifu. Akashuka, akazunguka upande wa pili, akamsaidia mtu kushuka.

Mtu huyo alipanda kilima polepole, anachechemea, mguu mmoja haukunjiki. Mrefu. Mvi kichwa kizima. Alijiegemeza kwenye fimbo nyeusi yenye madoa. Abdulatifu alikuwa nyuma yake, nikamfanyia ishara ya kuuliza, akatikisa kichwa tu.

Yule mzee akafika uani, akaona moto, akaona watu wamekaa kimsiba. Akavua kofia.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," tukaitika.

"Nani ametutoka?"

"Mume wa mama mwenye nyumba," Placidia akamjibu. "Alipotea vita vya Amini."

"Mungu amlaze pema." Akasimama kidogo. "Mimi ni mlinzi wa maegesho ya malori, Lusahunga. Namtafuta mtu anayeitwa Mama Laurensia. Kijana huyu alinionesha fimbo hii, akasema ni ya mama huyo. Fimbo hii ni mimi niliyeichoma madoa."

Waliokuwa wakifunga mizigo wakaiacha.

"Wakati wa vita nilimwachia mke wangu hapa darajani," akaendelea. "Nikapigwa risasi ya mguu kule Murongo, wakanibeba sina fahamu, nikaamkia hospitali Mwanza. Nilipopata kutembea nilirudi hapa, nikauliza mwanamke mwenye mimba aliyekuwa akingoja darajani, anaitwa Kantengwa. Wakaniambia Kantengwa hapa hayupo. Mjamzito aliyekuwapo kambini alifia uzazini. Wakanionesha kaburi, kule juu kwenye kigango. Nikalia pale, nikaenda zangu." Akaigusa fimbo. "Huyo Mama Laurensia simjui; kijana anasema ni mke wangu, nikamkatalia, wangu yumo kaburini. Lakini kama fimbo ilibaki kwake, basi ndiye aliyemfumba macho mke wangu. Nimekuja kumshukuru."

"Kantengwa?" nikasema. "Kantengwa ndiye nani?"

Nyuma yangu kikombe kilianguka. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini, ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameshalitamka lile jina mara moja, angeweza kulitamka tena, nani angemzuia? Lakini ulimi ulirudi ulikozoea.

"Baba Laurensia," akamwita.

Mzee Nsabimana akageuka nyuma, kumtazama huyo anayeitwa.